Kalamu ya Zambarau Ilivyotaka Kunipeleka Nyumba ya Wazee

Siku hiyo niliandika maneno arobaini na mawili kwa wino wa zambarau. Niliyahesabu.

Kesho yake nyumba kumi na moja zikaapa kwamba karatasi ilikuwa nyeupe pe.

Si kwamba wino ulififia. Si kwamba ulilowa. Nyeupe, kama tofu inayotolewa kwenye maji.

Na kwa sababu ya maneno hayo, nusura nifungashwe kama samaki wa kopo nikatupwe nyumba ya wazee.

Wewe unayesoma huku unatabasamu, subiri kwanza. Najua sifa zangu. Watu wa mtaa huu wanasema nikitumwa yai narudi na hadithi ya mbuni. Sawa. Lakini hii ina mashahidi, akiwemo samaki mmoja.

Naitwa Matsuyo Hirakata. Miaka sabini na tatu, mjane, mkazi wa Nezugaura, kaskazini mwa Japani. Usihangaike kuutafuta huo mji kwenye ramani, utaumiza macho bure.

Shule niliiacha na miaka kumi na mitano. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe, mengi kwa makosa.

Miaka arobaini na moja nimekaa kwenye kiwanda cha keki za samaki, naandika hati za mizigo. Nakala nne, karatasi za kaboni katikati, kalamu nyeusi, na bosi amesimama nyuma ya shingo yangu.

"Kandamiza, Matsuyo! Nakala ya nne haisomeki!"

Nikakandamiza. Miaka arobaini na moja nakandamiza. Kidole cha kati kina sugu mpaka leo, ngumu kama kokwa la plamu.

Siku ya kustaafu wakanipa maua na kiboksi cha zawadi. Nafungua: kalamu.

Nyeusi.

Nikainama, nikashukuru. Nilipofika nyumbani nikaizika kwenye chungu cha maua. Sikutanii. Nikaapa palepale: mkono huu hauandiki tena kwa wino mweusi mpaka siku unakunjwa kifuani.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Bi Kinue.

Bi Kinue ana duka la vifaa vya kuandikia, jembamba kama behewa la treni, karibu na stesheni. Ukutani kalamu mia tatu na kitu. Mbele ya kila rafu kuna kijitabu cha kujaribia. Watu wengine wanachora mzunguko mmoja kama waya wa simu, wanaondoka zao.

Mimi niliandika hadithi.

Jumatatu, kwa jeli ya chungwa: *Marehemu mume wangu alivua pweza aliyevaa saa.*

Jumanne, kwa jeli ya waridi: *Saa ilikuwa nyuma dakika tano.*

Jumatano, kwa kalamu ya kigololi, buluu ya bahari: *Pweza alitugombeza kwa kumchelewesha.*

Alhamisi nikakuta mtu ameandika chini yangu kwa penseli: *Halafu ikawaje?*

"Shoga yangu," Bi Kinue akaniambia, "unanimalizia vijitabu. Lakini kuna watu wanashuka stesheni kumfuata huyo pweza. Endelea."

Nikaendelea. Na nikajifunza kalamu kama wengine wanavyojifunza pombe.

Kalamu ya jeli ina wino mzito, inateleza yenyewe, hukandamizi kitu. Ubaya wake haikauki upesi. Ukipitisha mkono unabaki na kiganja kama bawa la kasuku.

Kalamu ya kigololi wino wake ni mwembamba kama maji. Inakimbia kuliko mawazo yangu. Karatasi nyepesi inaipenya, ukigeuza unasoma kinyumenyume.

Nikaanza kuandika kila kitu kwa rangi. Orodha ya sokoni, kijani. Kalenda ya takataka, kahawia. Fomu ya daktari wa meno niliijaza kwa waridi, jamaa akanichungulia mdomo kwa heshima mpya.

Kitu kimoja tu sikukigusa: jina la mtu kwa wino mwekundu. Kwetu huko ni kumchimbia mtu kaburi akiwa anakutazama. Hata mimi nina mipaka.

Kumbuka hilo. Litarudi.

Sasa, mtaani kwetu tuna ubao. Si wa ukutani, ni wa kubeba mkononi. Tangazo linabanwa juu yake, nyumba ya kwanza inasoma, inagonga muhuri wake, inaupeleka mlango wa pili. Hivyo hivyo mpaka nyumba ya kumi na moja. Siku ya takataka, siku ya kusafisha mifereji, dubu ameonekana wapi, yote yamo humo. Ukikupita ubao, umepitwa na dunia.

Mwaka huu zamu ya kuandika matangazo iliniangukia mimi.

Na mwenyekiti wa mtaa ni Mwalimu Kuramochi.

Mwalimu mkuu mstaafu huyo, miaka sabini na nane, anaishi peke yake. Anatembea kama amemeza rula. Tangazo langu la kwanza, mwezi wa nne, liliandikwa kwa chungwa na kijani. Akalirudisha amelisahihisha kwa kalamu nyeusi, na chini ameandika: *Tangazo si keki ya sikukuu.*

Nikamfuata mlangoni kwake.

"Mwalimu, kuna neno halisomeki?"

"Yanasomeka yote."

"Kuna mtu ameumia macho?"

"Bi Matsuyo, mambo ya umma yanaandikwa kwa nyeusi. Ndivyo ilivyo."

"Ilivyo wapi? Nionyeshe."

Akatazama kitasa cha mlango. Nikaondoka natembea kifua mbele kama jogoo.

Mtaa ulipenda. Bi Ochiai wa nyumba namba tatu, ambaye mdomo wake hauna kituo, alikuwa ananisubiri kwenye kona. "Dada, mwezi huu rangi gani?" Mzee wa namba nane alianza kugonga muhuri wake kwa wino wa kijani. Uasi ukaanza kuota mizizi.

Kisha ukaja mwezi wa sita, na mvua zake.

Nilikuwa nimeandika onyo la dubu kwa kalamu ya kigololi. Buluu ya bahari, nzuri hiyo! Ubao ukatembea kwenye manyunyu. Ulipofika namba nne, wino ulikuwa unalia. Ulipofika namba saba, dubu alikuwa ameshakuwa dimbwi.

Mwalimu Kuramochi akaja na lile dimbwi mkononi. Hakupandisha sauti. Watu wa aina yake hawapandishi sauti.

"Bi Matsuyo. Dubu angemla mtu."

Hapo alinipata. Nikakiri.

"Basi tufanye hivi," akasema. "Andika kwa rangi unazotaka. Uniletee, nilipitishe kwenye mashine yangu ya plastiki. Mvua haitaligusa."

Hiyo mashine walimpa shuleni alipoagwa. Mimi kalamu, yeye mashine ya kufunika karatasi kwa plastiki. Karatasi inaingia huku mbichi, inatoka kule imevikwa koti gumu linalong'aa. Anaipenda kama mtoto. Amefunika mpaka orodha ya dawa zake.

Nikakubali. Lakini kigololi nikakiweka pembeni, nikarudi kwa Bi Kinue kutafuta wino usiolia.

Kwenye kapu la punguzo, karibu na mlango, nikakuta kalamu za jeli za rangi kumi na mbili. Zimetolewa kwenye paketi, hazina maelezo. Zambarau yake, we acha! Kama biringanya iliyopanguswa. Kila moja ina kitako cha mpira kwa nyuma. Nikadhani ni cha kuizuia isiteleze mezani. Mimi nilikitumia kujikunia sikio.

Nikabeba zote kumi na mbili.

Tangazo la kwanza kwa kalamu hizo lilikuwa la kusafisha mifereji, Jumapili saa mbili asubuhi, kila nyumba mtu mmoja na jembe lake. Maneno arobaini na mawili, zambarau. Nikampelekea Mwalimu.

Jumapili saa mbili nilikuwa kwenye mfereji. Buti za mpira, jembe, leso kichwani.

Peke yangu.

Saa mbili na nusu, peke yangu. Saa tatu kasoro, Bi Ochiai akapita na kikapu cha sokoni.

"Dada Matsuyo, unatafuta nini huko chini?"

"Natafuta wenzangu! Hukusoma ubao?"

Akanitazama kwa namna fulani. Wewe uliyezeeka unaijua namna hiyo. Kichwa kinainama upande, sauti inalainika.

"Ubao ulikuwa mtupu, dada. Karatasi nyeupe ndani ya plastiki. Tulidhani… tulidhani umesahau kuandika."

Nikaenda kwa Mwalimu na tope langu miguuni.

"Nilikupa karatasi imeandikwa!"

Hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama buti zangu. "Niliupeleka ubao kama ulivyo," akasema, akafunga mlango.

Nikasema moyoni: ahaa. Ndiyo mchezo wako huu. Unabadilisha karatasi.

Mara ya pili nikajipanga. Tangazo la maji: Jumanne maji yanakatwa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, jazeni ndoo. Zambarau tena. Safari hii sikumwachia karatasi hivi hivi.

"Isome hapa, Mwalimu. Mbele yangu."

Akaisoma. Nilimwona. Midomo ilikuwa inatembea, mpaka kwenye "jazeni ndoo".

"Umesoma?"

"Nimesoma."

Jumanne saa tatu na dakika kumi, kilio kikatoka nyumba namba tatu. Bi Ochiai alikuwa katikati ya kuosha nywele. Alitoka nje na povu kichwani kama mlima wenye theluji, anaita majina ya mababu.

Ubao ulikuwa umepita na karatasi nyeupe.

Nikakimbilia kwa Mwalimu, Bi Ochiai na povu lake nyuma yangu, na nusu ya mtaa nyuma ya povu.

"Mwambie! Ulisoma mbele yangu, mwambie!"

Mwalimu Kuramochi akasimama mlangoni, mnyoofu vilevile. Akashika mwimo wa mlango.

"Sikumbuki kusoma kitu," akasema.

Ndugu zangu, nimewahi kung'atwa na pweza. Haikuuma vile.

Mtaa uliamini nani? Mwalimu mkuu mstaafu, au mama wa keki za samaki anayeandika habari za pweza mwenye saa?

Nilipofika nyumbani nikachukua kalamu nyekundu kutoka lile kundi la kumi na mbili. Nikaandika jina lake kamili, Kuramochi Seigo, herufi kubwa, katikati ya karatasi. Nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wa aproni.

Ndiyo. Niliuvuka mpaka wangu. Nilipanga kuitupa mezani mbele yake, watu wakiona.

Mwanangu Nobuhiko alipigiwa simu. Sijui na nani, lakini mtaani ni mdomo mmoja tu hauna kituo. Jumamosi akaja na gari lake kutoka mjini, saa nne za barabara. Akaketi, akatoa fomu.

"Mama, ni pahali pazuri. Kuna bustani. Wanacheza karata."

"Mimi karata nacheza hapa."

"Na nani?"

"Na mimi mwenyewe. Na bado naiba."

Hakucheka. Nobu hajacheka tangu apandishwe cheo.

"Mama, umesimama mferejini peke yako. Umepeleka karatasi tupu mara mbili, unaapa umeandika. Na haya marangi…" Akaonyesha kalenda yangu ukutani, inawaka kama soko la maua. "Nyumba nzima imekuwa kama ya mtoto wa chekechea. Nafasi ni moja. Jumatatu wanaifunga."

"Na nisiposaini?"

"Siku moja utasahau jiko, Mama. Nitaletewa habari kwa simu." Akaisogeza fomu kwangu. "Kesho saa nane kuna kikao cha mtaa. Tutawaaga vizuri."

Tutawaaga. Unasikia? Mtu ameshanifunga kamba.

Usingizi ulikuja kwa mafungu. Nitakwambia ukweli nisioupenda: nilianza kujiuliza. Labda kweli sikuandika. Labda zambarau niliiona kichwani tu. Hiyo ndiyo sumu yenyewe. Watu kumi na moja wakikutazama kwa vichwa vilivyoinama, na wewe unaanza kuinamisha chako.

Asubuhi ya Jumapili mvua zilikuwa zimekatika. Jua la kwanza la kiangazi, linaunguza kama deki ya meli. Nobu alikuwa nje anaosha gari. Mimi nilikuwa jikoni na daftari langu, naendeleza habari za pweza kwa zambarau, nijiliwaze. Supu ya miso ilikuwa inachemka. Nikamimina kwenye bakuli, nikaliweka juu ya daftari, nikaenda kuchukua vijiti.

Narudi, nainua bakuli.

Katikati ya ukurasa kulikuwa na mwezi.

Duara nyeupe safi, saizi ya kitako cha bakuli. Pembeni maneno yapo. Ndani ya duara, hamna hata nukta. Pweza alikuwa amebaki na mikono mitatu.

Sikupiga kelele. Niliandika neno jingine. Nikaweka bakuli. Nikainua.

Hamna.

Nilitoka na mlango wa nyuma, na aproni yangu, kalamu na daftari mkononi, mpaka kwa Bi Kinue. Anaishi juu ya duka. Akashuka na mswaki mdomoni.

"Shoga! Hizo si za kufutika?" Akachukua kalamu, akageuza kile kitako cha mpira, akasugua neno. Likatoweka. "Msuguano unaleta joto, joto linafuta. Kwani ulidhani hiki kimpira cha nini?"

"Usiniulize."

"Ndiyo maana kwenye fomu za serikali wanazikataza. Umeandikia nini?"

Nilikuwa nimeshaketi sakafuni nacheka, machozi yananitoka. Mashine ya plastiki! Ile mashine inachoma kama pasi!

"Kinue, na yakishafutika, ndiyo yamekwenda?"

Akatoa mswaki. Akatabasamu kama mwizi.

"Una friza?"

Nilirudi nyumbani, nikachukua zile karatasi mbili nyeupe ndani ya plastiki zao. Nilikuwa nimezitunza, mimi situpi ushahidi. Friza langu ni dogo, haziingii; nikazipeleka ukumbi wa mtaa, funguo ninazo. Jikoni pale kuna friza kubwa la barafu za sikukuu. Nikazilaza chini ya samaki mmoja, bangala, aliyeachwa humo tangu mwaka mpya. Huyo ndiye shahidi niliyekwambia.

Saa saba Nobu akaniwekea fomu mbele.

"Kwa nyeusi, Mama. Tafadhali."

Nikamtazama mwanangu. Ana uso wa baba yake anapoogopa.

Nikachukua kalamu nyeusi.

Ndiyo. Mimi. Nikasaini, jina zima, bila kukandamiza. Nobu akashusha pumzi, akaichukua fomu, akaiweka garini, mbele, chini ya kioo, ili asiisahau.

Usiseme kitu. Twende kikaoni.

Watu walikuwa wamejaa, viatu vimepangwa mlangoni. Chai imemiminwa, ya moto. Mwalimu Kuramochi ameketi mbele, amekonda. Ndiyo kwanza nikaona amekonda.

"Tupo hapa," akaanza, "kumshukuru Bi Matsuyo kwa…"

"Dakika moja, Mwalimu." Nikasimama, nikaenda jikoni, nikarudi na zile karatasi zinatoa moshi wa baridi. Nikapangusa ukungu kwa aproni. Nikazitandaza mezani.

Zambarau.

Hafifu, kama michubuko ya juzi, lakini inasomeka. *Jumapili saa mbili asubuhi. Kila nyumba mtu mmoja na jembe lake.* Na ya pili, mpaka mwisho: *Jazeni ndoo.*

Ukumbi ulilipuka. Nikaeleza wino, nikaeleza joto, nikaeleza mashine, nikaeleza baridi inavyoyarudisha maneno. Mzee wa namba nane akapiga meza. Bi Ochiai akanikumbatia mpaka mgongo ukalia.

"Niliosha nywele kwa chai ya baridi, dada! Kwa chai!"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, kwenye ile karatasi ya wino mwekundu. Sasa, nikajiambia. Sasa ndiyo zamu yake.

Lakini mdomo usio na kituo ukanitangulia. Bi Ochiai akageuka taratibu.

"Mwalimu. Kumbe ilivyoingia kwenye mashine ilikuwa na maneno. Ilivyotoka haina. Wewe ulikuwa umesimama pale. Uliona?"

Vichwa vyote vikamgeukia.

Mwalimu Kuramochi alikuwa anatazama zile karatasi. Rula aliyoimeza ikavunjika. Nilimwona kwa macho yangu akiinama, kidogo kidogo, mpaka paji la uso likakaribia meza.

"Nilisoma," akasema. "Nilisoma mlangoni. Nikaiingiza. Ikatoka nyeupe mkononi mwangu."

Hakuna aliyekunywa chai.

"Mara ya kwanza nilijiambia nimekosea karatasi. Mara ya pili…" Akajifuta mdomo. "Marehemu mke wangu alianza hivihivi. Aliona vitu ambavyo havipo. Nikajua zamu yangu imefika. Nikaogopa. Nikasema sikumbuki, kwa sababu sikujua tena ninachokumbuka. Nikaacha mseme ni yeye."

Akageuka kwangu.

"Wiki tatu naandika jina langu kila asubuhi kwenye daftari, nione kama bado nalijua."

Nilikuwa nimetunga maneno ya kumchana. Matamu, yenye miiba, ya rangi zote kumi na mbili. Nilikuwa nimeyakariri.

Na mfukoni nilikuwa na jina hilohilo. Analoliandika kila asubuhi kwa hofu. Nililiandika kwa nyekundu.

Nikaketi. Nikatoa ile karatasi chini ya meza, nikaikunjua mapajani, juu ya aproni. Nikachukua kikombe changu cha chai ya moto, nikakiweka juu yake. Kiliniunguza paja, nikavumilia. Nikakisogeza huku, nikakisogeza kule.

Nilipochungulia, Kuramochi Seigo hayupo. Karatasi nyeupe.

Nikakinyanyua kikombe, nikanywa.

"Mwalimu," nikasema, "ungeniambia siku ileile, tungecheka wote."

"Ningekwambia nini? Kwamba nimekuwa kichaa?"

"Ndiyo. Ningekujibu karibu, mimi huku niko siku nyingi."

Akacheka. Sauti kama mlango usiofunguliwa miaka.

Nobu alikuwa ameshatoka nje. Akarudi na fomu, uso umemvimba kwa aibu. "Mama, naichana mbele ya wa…" Akasita. Akaigeuza. Akaielekeza dirishani.

"Mama. Saini yako iko wapi?"

"Saini gani, mwanangu?"

"Ulisaini! Kwa nyeusi! Nimekuona!"

"Una uhakika, baba? Usije ukawa unaanza kusahau."

Akanitazama. Akatazama gari lililokuwa linachomwa na jua. Akatazama kalamu nyeusi iliyochungulia mfukoni mwangu, na kitako chake cha mpira.

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu apandishwe cheo, Nobuhiko akacheka mpaka akakaa juu ya viatu vya watu.

Mwezi uliofuata tulikwenda kupimwa kumbukumbu, mimi na Mwalimu, kwenye gari la Nobu. Mwalimu alipata ishirini na tisa kati ya thelathini. Mimi ishirini na saba, kwa sababu nilibishana na daktari kuhusu tarehe. Tangu siku hiyo huyu mzee havumiliki. Ile karatasi ya matokeo ameifunika plastiki.

Matangazo bado naandika mimi. Kwa rangi. Kwa jeli isiyofutika, Bi Kinue ananikagulia mwenyewe. Mwalimu bado anasahihisha. Kwa nyeusi. Nami bado sibadilishi.

Basi sikia, wewe mwenye mzazi mzee. Kabla hujasema akili ya mtu imevuja, kaa chini, ushike alichokishika, ujaribu mwenyewe. Mimi nilihukumiwa na watu kumi na moja na hakuna hata mmoja aliyeomba kuiona kalamu.

Na wewe mzee mwenzangu: kitu kikitoweka mbele ya macho yako, sema. Sema siku ileile, kwa sauti, wakucheke. Kuchekwa nimechekwa maisha yangu yote, na niko nyumbani kwangu.

Nikiulizwa kama najutia kitu, ni kile kikaratasi cha wino mwekundu. Ninacho bado, kwenye droo, cheupe. Friza langu liko hatua tatu kutoka hapo, na maneno ya kweli yaliyoonewa nitayatia humo kila nikiyapata.

Hicho hapana. Hicho nitaendelea kukiwekea kikombe cha chai.